Nguo ya Kuogelea ya Mama

Mama yangu alishonewa nguo ya kuogelea akiwa tayari bibi wa wajukuu, katikati ya vita, katika mji usio na bahari wala ziwa. Aliyemshonea ni Baba. Nasema mapema, hakuivaa. Nimechoka na hadithi zinazompa mtu tumaini halafu zikamnyang'anya. Vita vilitufanyia hivyo vya kutosha.

Tulikaa Gitega, mtaa wa Waswahili. Baba alikuwa fundi cherehani, na mashine yake ilikaa barazani, hali ya hewa ikiruhusu na risasi zikiruhusu. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, shule nimeshaiacha, kazi yangu ni kupiga pasi na kutoboa matundu ya vifungo. Zamani watu walitembea kutoka Ryansoro na Bugendana na vitambaa vyao kichwani, wanataka sare za watoto. Miaka ile ya vikwazo, mipaka imefungwa kwa bidhaa na milima haina usalama, walikuja wachache, na wengine walikuja kuuza cherehani zao wenyewe.

Dada yangu mkubwa aliolewa Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania. Kaka yangu aliondoka kabla ya vita, akafika pwani, akapata kazi ya jikoni katika meli ya watalii. Alikuwa akitupigia simu kwenye duka la jirani. Jirani alikuwa akituma mtu, sisi tunakimbia na kandambili mkononi, Mama mbele yetu sote.

Siku moja kaka alisema meli yao itatia nanga Unguja kwa siku moja tu, na yeye siku hiyo atapewa ruhusa ya kushuka. Alitaka Baba, Mama na mimi tuvuke mpaka, tumkute bandarini. Kila safari, alisema, wazungu wanashuka kwenda kuogelea na pomboo, wakirudi wanacheka kama watoto, na yeye anawaona kupitia dirisha la jikoni huku anamenya viazi. Mara hii ataingia majini yeye, na Mama yake.

"Pomboo ni nani?" Mama akauliza kwa sauti ya kutosha kusikika Unguja bila simu.

Alisikiliza, akatugeukia. "Anasema ni samaki kubwa, inachezaka na watu." Akarudi kwenye simu. "Inakulaka nini? ... Samaki? Alors, inakulaka wenzake, na we unasema iko mpole!"

Lakini alishakubali. Nilimjua. Alikuwa hajamwona mwanawe tangu alipoondoka akiwa na ndevu tatu kidevuni, na kama kaka angesema wataogelea na viboko wa mto Ruvubu, Mama angeuliza tu saa ngapi.

Basi tukaanza kupanga. Siwezi kueleza ilikuwa raha gani, kwa watu ambao mipango yao yote kwa miaka ilikuwa ni kujua barabara ipi imefungwa. Mama alikwenda kwa mke wa imamu kuuliza kama mtu akiguswa na pomboo anahitaji kutawadha upya. Mke wa imamu alisema atamwuliza mumewe, na mpaka leo sijui mumewe alisema nini. Kisha likaja swali la zawadi, maana Mama hakuwahi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Aliamua kupeleka maharage, ya kaka, na kiasi kidogo cha kuwarushia wale samaki.

"Mi nitashika viatu," alisema Baba. "Ninyi muingie mu maji. Lazima mtu mmoja abaki kwa mtumbwi, akashike viatu."

Utani huo wa viatu ulifika mpaka kwa kaka. Kila alipopiga simu aliuliza kama mshika viatu yuko tayari.

Nguo ilikuwa ya bluu, kitambaa kilichobaki kwenye sare. Suruali pana, gauni la kufika magotini, na kofia iliyoshonwa pamoja nalo ili nywele zisionekane. Baba alimpima Mama ukumbini kama mteja, futi yake ya kupimia ikitoka shingoni mwake na kurudi shingoni mwake, maana futi ile hakuivua hata wakati wa kula. Wameishi pamoja miaka mingi hivyo, na bado Mama aliona haya, akaniambia niende nikaangalie sufuria. Nikasikia Baba anasema, "Inua mkono, mama watoto, mi sitakuuma." Mama akachukua kipande cha kitambaa, akakitia kwenye beseni, akakinyanyua, akasema kizito, kitamzamisha. Baba akatafuta chepesi zaidi, cha rangi ileile, akaanza upya bila kunung'unika.

Kilichokosekana ni zipu na lastiki. Gitega nzima havikupatikana. Muyinga vilipatikana, kwa sababu vitu vilikuwa vikipenya kutoka Tanzania vichwani mwa watu. Baba akasema atakwenda mwenyewe, atamalizia nguo kule kwa mashine ya dada, na papo hapo atazungumza na shemeji kuhusu karatasi zetu za kuvukia. Alipanda lori lililokwenda na msafara wa wanajeshi. Alimwambia Mama atarudi baada ya Ijumaa.

Hakurudi baada ya Ijumaa ile, wala ya pili.

Hapo sasa nieleze jambo moja la watu wetu, maana bila hilo mtu atatuona wajinga. Sisi habari mbaya hatuitumi kwa mtu wa njiani. Dereva akikuuliza nyumbani wanaendeleaje, unasema wazima, hata kama maiti iko sebuleni. Habari nzito inapelekwa na mtu wa damu, ameketi, amekunywa maji kwanza. Dereva hupewa salamu tu, na salamu ina maneno yake, ya siku zote.

Kwa hiyo dereva alipotoka Muyinga akasimama barazani kwetu, akasema, "Banawasalimia huko. Wazima wote," Mama alimshukuru Mungu kwa sauti. Alimpa chai. Hakuuliza zaidi, kwa sababu haiulizwi. "Na we uwaambie siye hatujambo," alimjibu. "Wazima wote."

Simu ya jirani nayo ilikuwa imekufa wiki hizo, hata kaka hakutupata. Baba, basi, alikuwa Muyinga kwa dada. Msafara haujapatikana, barabara mbaya, atangoja, na sisi tutamkuta kule wakati wa kwenda kwenye meli. Ndivyo Mama alivyosema, na alisema hivyo mara nyingi mno. Dereva alipita tena, salamu zikaja, salamu zikaenda. Wazima wote.

Majirani hawakuwa na matumaini hayo. Mwanamke mmoja wa mtaani alikuja akakaa, akazungumza habari ya bei ya chumvi, halafu akasema polepole kwamba mwanamke aliyefiwa akichelewa kukaa eda anajitafutia dhambi. Mama alimwambia asante kwa kuja. Alipotoka, Mama akajaza maji kwenye beseni, akatumbukiza uso, akakaa humo huku mimi nimesimama na taulo. Alikuwa akijifunza kubana pumzi. Alitoka anatweta, macho mekundu, akaniuliza, "Nimekaa sana?" Nikasema sana. Nilimchukia siku ile, sijui kwa nini yeye na si walioshika bunduki. Nadhani kwa sababu yeye alikuwa karibu.

Siku za meli zilipokaribia tulifunga nyumba tukapanda lori la msafara. Mama alibeba maharage mapajani. Tulipita mahali palipokuwa na lori lililoungua, limelala ubavu kwenye migomba, bodi limeshashika kutu ya mvua. Mama aligeuza uso upande mwingine, akaanza kuniambia Baba akituona atalalamika kwamba tumechelewa, na kwamba atakuwa amekonda kwa sababu dada yangu hajui kupika isombe, majani ya muhogo. Nilimjibu ndiyo, ndiyo.

Dada alitoka mlangoni mikono ina unga. Alimkumbatia Mama, akanikumbatia mimi, akaangalia nyuma yetu kwenye lori ambako watu wengine walikuwa wakishusha mizigo. Alikuwa anacheka.

"Na Papa? Mumemwacha Gitega? Njo nani sasa atashika viatu?"

Nilimwona Mama anamtazama bintiye usoni, anatafuta utani, anatafuta vizuri, mpaka akaona kwamba haumo.

"Papa aliondoka hapa kitambo," dada akasema, sasa sauti imeshuka. "Alimaliza nguo, akalala, akapanda lori. Mais, lakini tulipata salamu zenu. Mulisema wote wazima."

"Na ninyi mulisema vile," akasema Mama.

Hakuna aliyelia hapo nje. Tuliingia ndani. Juu ya kabati palikuwa na ile nguo ya bluu, imepigwa pasi, zipu nyeupe imekaa sawasawa kutoka shingoni hadi kiunoni. Baba aliiacha kwa sababu Mama angepita hapo hapo akielekea kwenye meli, na yeye hakuona haja ya kuirudisha Gitega na kuileta tena. Alimwachia dada maneno kwamba Mama aijaribu, na kama kwapa linabana asiogope, ameacha kitambaa cha kufungulia.

Shemeji alitoka asubuhi kwenda kuuliza kwa madereva. Alirudi jioni, akaketi, akaomba maji, na alipoomba maji tukajua. Lile lori tuliloliona kwenye migomba ndilo. Watu wa mlima ule waliwazika abiria pembeni mwa barabara, hawakuwajua majina. Mmoja waliyemkumbuka alikuwa mzee mwenye futi ya fundi shingoni. Walimzika nayo.

Mama alipiga kelele moja tu. Kisha akavua bangili, akaniambia nimfungie nywele.

Sasa mpaka ulikuwa karibu. Karatasi zetu shemeji alikuwa amezipata, zote tatu, ya Baba ikiwemo. Wanawake wakubwa wa msikitini walikuja kujadiliana kama mjane anaweza kukaa eda nyumbani kwa binti yake, wakakubaliana kwamba akae pale pale habari ilipomkuta, maana barabara ya kwao haina usalama. Shemeji, ambaye ni mtu mpole, akanong'ona kwamba Mungu anajua dhiki, na kwamba eda inaweza kukaliwa hata Unguja, hata mbele ya mwanawe. Mimi sikunong'ona. Nilimwambia Mama kwamba Baba ameshakwenda, hakuna tutakalomwongezea, na kaka yuko hai anangoja, na meli haitarudi. Nilimwambia nguo ile Baba ameifia. Nilisema mpaka dada akanishika mdomo.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, uso ukutani.

"Alikufa mu barabara, hakuna mtu alimulilia," akasema. "Bamemuzika kama mutu hana mke. Mi niende kucheza na samaki? Nani atamukalia?"

Nilikuwa na hasira, na sehemu ya hasira ile ninayo bado.

Kaka alikuwa na namba ya duka la Mkongomani mmoja, mtu wa Kivu ya Kusini, jirani ya dada. Tulikubaliana zamani kwamba atapiga hapo siku chache kabla ya sisi kuvuka. Mjane hatoki. Dada alisema yeye hawezi. Nikaenda mimi, nikakaa juu ya gunia la chumvi, mwenye duka, ambaye alishasikia msiba, akanipa fanta ambayo sikuinywa. Simu ikalia.

"Hamjambo huko!" Sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyoikumbuka. Nyuma yake masufuria yalikuwa yakigongana.

"Hatujambo," nikasema. "Wazima wote."

Lilinitoka lenyewe. Ndivyo tulivyolelewa, mdomo unajibu kabla ya mtu.

"Wote?" akasema kaka. "Na Baba? Mpe simu mshika viatu."

Mtu wa mbali, aliyekaa miaka na wageni, aliuliza swali ambalo nyumba zetu mbili hazikuuliza kwa muda wote ule. Nikamwambia. Nilimwambia vibaya, bila maji, bila kuketishwa, katikati ya duka. Nikasikia mtu anamwita kwa lugha nyingine arudi kazini.

"Mama atakuja?"

"Amekaa eda."

"Mi nimeshashika nafasi nne kwa ile boti ya pomboo," akasema. Kisha akasema, "Siku ile nitaenda tu. Nitakaa bandarini mpaka jioni. Kama Mama akibadili mawazo." Halafu laini ikakatika.

Nilirudi, nikasimama kwenye pazia la chumba, nikamweleza Mama kila neno. Alikuwa ameikunja nguo ya bluu akaiweka chini ya kichwa, mahali pa mto.

"Rudi ku simu," akasema. "Umuambie asiingie mu maji yeye peke yake."

Nilirudi dukani mbio. Mwenye duka aliniuliza namba, na mimi nikabaki nimesimama nimeshika simu. Hatukuwahi kuwa na namba yake. Siku zote yeye ndiye aliyekuwa akipiga.