Dripu ya Kuzimua

Msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, ukifika huku Newala, mtu akiugua haulizwi anaumwa nini. Anaulizwa amekunywa wapi. Ukitapika ni uraka, pombe yetu ya mabibo, ukianguka ni uraka, hata ukipiga chafya utaambiwa upunguze. Ndiyo maana siku hizi vijana wa dripu wanapanda na pikipiki kutoka Masasi, mgongoni begi la chupa na sindano, wanawafuata walevi majumbani. Wanaiita dripu ya kuzimua. Unajilaza, maji yanaingia mshipani, unaamka na kurudi kwenye pombe yako. Biashara hiyo siipendi, na sijawahi kuificha chuki yangu.

Asubuhi ile nilikuwa Kitangari kwa mdogo wangu, nimekwenda kumsaidia korosho. Pombe alikuwa ameiacha tangu Ramadhani, baada ya kumwapia mkewe. Nikasikia wifi yangu analia barazani, nikatoka mbio. Mdogo wangu alikuwa amelala mkekani, ametapika, anahema kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima. Ukimwita anajibu maneno yasiyoeleweka.

"Ameanza tena, wifi," alisema mkewe. "Nimemwita dokta wa dripu. Watu wasije wakamwona hivi."

Pikipiki ikaingia. Kijana nadhifu, koti jeupe.

"Shikamoo, mama."

Niliitikia marahaba shingo upande. Akainama, akanusa shati la mgonjwa, akatabasamu. "Uraka huu. Tunamwekea maji ya sukari na vitamini, mtashangaa wenyewe."

Hakupima kitu. Akaitundika chupa kwenye msumari wa baraza, akamfunga mpira mkononi, akaanza kutafuta mshipa.

Jana yake mimi na mdogo wangu tulishinda shambani, tumekaa kwenye rundo la mabibo yaliyokwisha kuchacha, tukiyatenganisha na korosho. Hakugusa pombe. Alikunywa maji, maji, maji, mpaka nikamgombeza, maana huku maji tunanunua kwa ndoo. Na kila mara alikuwa akikimbilia kichakani kukojoa. Harufu ile ilikuwa ya kazi.

"Acha hiyo sindano!"

"Mama, mtaalamu ni mimi."

"Nimekwambia acha!" Nikamsukumia mkono wangu puani. Nilikuwa bado nina nguo za shamba za jana. "Nusa! Na mimi nimelewa? Basi nitundikie na mimi!"

Akanusa. Tabasamu likamwisha. Wifi yangu naye, aliyekuwa akibeba mabibo yaleyale jana, akainua upindo wa kanga yake akaunusa.

"Wifi," alisema taratibu, "hata mimi nanuka."

Kijana akamfungua mpira mdogo wangu. "Hospitali," alisema. "Tena upesi."

Tulimpakia kwenye pikipiki hiyohiyo ya dripu, kijana akiendesha, mgonjwa katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, wifi akatufuata kwa bodaboda nyingine. Njia nzima kichwa chake kilinilalia begani, nami nikawa namtukana ili asilale. Nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Hospitalini walimtoboa kidole. Daktari akatazama kipimo, akaita wauguzi wawili kwa mpigo. Sukari ilikuwa imepanda vibaya sana.

"Kuna kitu chochote mmemwekea?" aliuliza.

"Hapana," nilisema. Nikamgeukia kijana wa dripu. Nilikuwa na maneno mengi ya kumpa, lakini alikuwa analia, nikamwacha.

Mdogo wangu alipata fahamu vizuri kesho yake. Nilidhani ataomba maji. Yeye alizungusha macho akimtafuta mkewe, akamshika mkono.

"Wallahi, mke wangu, sikunywa," alisema. Sauti ilikuwa imemkauka.

Kumbe pale mkekani alikuwa anatusikia yote, ila ulimi ulikuwa umemgomea. Wifi alipiga magoti palepale sakafuni, mbele ya wodi nzima, akamwomba radhi.