Tope la Kumwonyesha Mgeni

Hebu mwone Damari anavyoingia Sepuka asubuhi ile. Usimtafute nyuma ya usukani, hayupo. Kirikuu yake, kile kigari cha bluu cha kubebea mizigo, inavutwa na maksai wa jirani, mnyororo umefungwa kwenye bampa. Yeye anatembea kando, viatu mkononi, kitenge kimefungwa puani. Waliotoka kumpa pole wamesimama mbali. Wanatamka "pole mama Dina" huku wamebana pua, na pole ya namna hiyo, nikwambie ukweli, ni afadhali mtu akunyamazie.

Kilichotokea ni hiki. Damari hukusanya alizeti kwa wakulima na kuipeleka mashineni Singida mjini. Siku ya mnada aliegesha gari pale wanapoegesha wote, upande wa chini, akaenda kupima magunia. Mvua za mwaka ule hazikuwa na adabu. Maji yalishuka kwa kishindo, yakapita zizi la mnada, yakapita machinjioni, yakapita vyooni, yakabeba kila yalichokikuta, na mzigo wote huo yakauingiza ndani ya kirikuu mpaka juu ya viti. Yalipoondoka yaliacha tope jeusi, laini kama uji, lenye manyoya na samadi ndani yake, na kipande cha utumbo kimejizungusha kwenye gia. Injini ilikuwa imekunywa maji. Ukiwasha, kimya.

Damari hakulia. Alikuwa na bima kubwa. Wenzake wa mnadani hukata ile ndogo tu, ya kumwonyesha trafiki, na walimcheka sana alipoikata. Lakini wakala wa bima, Gabrieli, alikuwa amemwapia: "Mama Dina, hii ni ya ajali, ya moto, mpaka ya mafuriko." Sasa mafuriko yamekuja. Fidia ikitoka, fundi atafungua injini, na msimu wa alizeti utamkuta barabarani. Isipotoka, atakaa kibarazani akitazama magunia ya wenzake yakipita.

Gabrieli akapiga simu. "Ijumaa mkaguzi anakuja kutoka Dodoma kuliona gari."

Akasema hayo tu, akakata.

Sasa wewe unayejua nyumba za huku kwetu, niambie: ukisikia mgeni anatoka Dodoma anakuja kuona kitu chako, utamwonyesha kikiwa kwenye kinyesi? Kwa Damari, mgeni hukuta uwanja umefagiliwa mpaka nyuma ya choo. Amekuja kuliona gari? Basi ataliona. Akamwita wifi yake Aneth, wakachukua ndoo, sabuni ya unga na brashi ya kusugulia masufuria, wakaingia kazini.

"Wifi," Aneth akasema, ameshika kitu kwa ncha za vidole, "huu ni mguu wa nini?"

"Usiulize. Tupa."

"Nikisema ni wa mbuzi nitakuwa najipa moyo."

"Aneth, tupa! Nitatapika."

"Tapika humohumo, nani atajua?"

Walicheka, kisha Damari akatapika kweli, si ndani ya gari, lakini karibu. Tope lilimwingia kwenye kucha. Alinawa kwa limau, akanawa kwa majivu, na usiku alipokula ugali alikula kwa kijiko, mkono wake mwenyewe akiuonea kinyaa. Lakini Ijumaa ilipofika kirikuu iling'aa. Viti vilisuguliwa mpaka maua yake ya zamani yakaonekana. Aneth alikuwa amefunika dashibodi kwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, kile kinachotoka siku za Krismasi tu.

Mkaguzi alikuwa kijana, jina lake Paschal, shati jeupe, viatu vilivyochongoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu, umechoka. Karibu kwanza ndani."

Akanawishwa. Akaletewa jogoo, kwa ugali wa uwele na mlenda. Alikula vizuri, sitamnyima sifa hiyo. Alimalizia paja la pili akiwa amelegeza mkanda. Ndipo akatoka kwenda kwenye gari, akalizunguka mara moja, akafungua mlango, akavuta pumzi.

"Mama, gari linanukia!"

"Asante, mwanangu," Damari akajibu, na uso ukamchanua. Aneth aliinama kuficha tabasamu lake.

Paschal akapiga picha. Hakuinama, maana aliyeshiba hainami. Alipoondoka alifungiwa mtetea miguu, akawekewa kwenye buti la gari lake, maana mgeni wa pale hatoki mikono mitupu.

Wiki iliyofuata simu ikalia.

"Mama Dina," Gabrieli akasema, na sauti yake haikuwa ile ya siku ya kuuza bima. "Mkaguzi ameandika kwamba gari halina dalili ya mafuriko."

"Halina nini?"

"Halina dalili. Picha ninazo hapa. Gari lako ni safi kuliko la bosi wangu. Injini imekufa, sawa, lakini anasema injini hufa kwa mambo mengi."

"Si nilimweleza? Si kijiji kizima kiliona?"

"Ofisini wanataka picha, mama."

"Na kuku wangu je?"

"Kuku gani?"

"Aliyemla! Na yule aliyeondoka naye! Huyo naye hakuonekana kwenye picha?"

Gabrieli akakohoa. Kisha akashusha sauti, kama anayempa mtu dawa ya siri. "Nimemwomba arudi Jumatano. Lile tope si bado lipo kule mnadani? Chota kidogo, rudishia. Kwenye viti, kwenye dashibodi. Wala si uongo, mama. Si lilikuwemo?"

Damari aliitazama simu kama imemtemea mate.

Hata hivyo alikwenda, na hapa usimhukumu haraka. Mtu akiona msimu unampita, miguu humpeleka hata mahali roho inapokataa. Alikwenda na ndoo yenye mfuniko. Kule chini ya machinjio tope lilikuwa limekaa juani, limeota ngozi juu kama maziwa yaliyopoa, na alipoitoboa kwa kopo, nzi wakainuka wote kwa pamoja. Akachota huku amegeuza uso.

Nyumbani akafungua mlango wa kirikuu. Ilikuwa imefungwa juani tangu siku ya mgeni, na sabuni ilikuwa imekwisha nguvu. Kutoka chini ya kapeti, mahali ambapo yeye na Aneth hawakufika, ile harufu ya kwanza ilikuwa imerudi yenyewe, nzito, ya kitu kinachooza taratibu. Akasimama, mkono juu ya ndoo, macho kwenye maua ya kiti.

"Unapaka, wifi," Aneth akauliza nyuma yake, "au nikupakie?"

"Wewe ungepaka?"

"Mimi kile kitambaa nakiondoa kwanza, basi. Mengine ni yako."

Damari akakunja kitambaa, akampa. Kisha akafunga mlango wa gari, akafunika ndoo, akaiacha kando ya tairi.

Jumatano Paschal akafika, shati lingine jeupe. Akaamkia vizuri, akaitikiwa. Akatupa jicho jikoni.

"Leo mama hujawasha moto?"

"Leo umekuja kuona uchafu, baba. Sikutaka kukuchanganyia na chakula."

Akamwongoza mpaka kwenye gari, akafungua mlango wote. Paschal akarudi nyuma hatua kubwa, akatoa leso, akabana pua. Macho yalimtoka machozi.

"Hii nayo," Damari akamuuliza, "nimeipaka na nini?"

"Mama, naisikia," akasema ndani ya leso. "Lakini harufu haipigwi picha. Gabrieli hakukwambia cha kufanya?"

"Aliniambia."

Akainama, akafunua ndoo. Nzi wawili walitoka. Akaisogeza mpaka ikagusa ncha ya kiatu kilichochongoka.

"Tope lako hilo, nimekuchotea. Mimi nimeliosha kwa mikono hii kwa sababu ulikuwa mgeni wangu. Siwezi kulipaka tena kwa mikono hiyohiyo. Paka mwenyewe, pale unapotaka lionekane, kisha upige picha zako."

Paschal aliitazama ndoo, akaitazama mikono yake. "Mama, mimi siwezi kushika uchafu huo. Mimi ni mtu wa ofisi."

"Na mimi ni mtu wa nini?"

Aneth, mlangoni mwa nyumba, amekumbatia kitambaa chake, hakucheka safari hii. Kapeti la gari lilikuwa palepale, harufu ikitoka chini yake, na kulifunua kulihitaji tu mtu wa kupiga magoti. Paschal bado amesimama, leso puani, simu ya kupigia picha mkononi, na mama wa watu anangoja jibu. Ungekuwa wewe uliyemla jogoo wake, ungemjibu nini?