Kamera Kwenye Msiba wa Baba

Chuo chetu kilikuwa na kamera moja ya video iliyo nzima. Ya pili ilikuwa ya kufundishia majina ya vifaa tu, maana haikuwaka tena. Tulikuwa wanafunzi wachache, karibu wote wa Ifakara mjini. Mchana wakienda kwao kula, mimi nilibaki darasani na andazi langu, nikijifanya nasafisha lenzi. Nilipanga chumba Lumemo, pembeni ya mji. Jamani, kumaliza wiki nzima bila mtu kukuita jina lako si mchezo.

Simu ya kifo cha baba ilinikuta hapo hapo chuoni. Nilimwambia mwalimu nina dharura nyumbani, basi. Hakuuliza zaidi, nami sikuwa na nguvu za kueleza. Kamera alinipa mwenyewe, kwa kuwa zamu yangu ya kurekodi kazi ya mwisho ilikuwa imefika. Nikapanda treni ya Mlimba nimeipakata kama mtoto.

Nyumbani, baba mdogo aliliona begi kabla ya kuniona mimi. "Tukodi mpiga picha wa nini, na mwanetu amesomea?" Kwetu msiba bila video hausemeki. Ndugu walio mbali watataka kuona nani alikuja, nani alilia, jeneza lilikuwaje. Nikasema, "Baba mdogo, na mimi nimefiwa." Akanipigapiga begani. "Ndiyo maana tunakuamini, mwanangu."

Nilitaka jambo moja tu, kumtupia baba udongo. Mtoto humuaga mzazi wake kwa kiganja chake mwenyewe, na usipofanya hivyo unabaki kama hujamzika. Nilipanga nikifika makaburini nisimamishe kamera kwenye stendi, niende na wenzangu. Wapi! Mvua ilikuwa imenyesha, stendi ikazama kwenye tope, watu wakaisukuma, ikabidi kamera niishike mkononi.

Katekista akaita, "Watoto wa marehemu." Dada zangu wakasogea. Nikapiga hatua moja, baba mdogo akaninong'oneza kwa nyuma, "Usikate! Hapo ndipo penyewe." Nikasimama. Machozi yalinijaa hata sikuona ninachochukua. Kwaya ikaimba, majembe yakaanza kazi, baba akafunikwa. Nilimkasirikia baba mdogo, na sijui kama nimemaliza kumkasirikia.

Niliporudi chuoni sikuwa na kazi nyingine ya kuwasilisha. Nikahariri ile ile video ya msiba, peke yangu, na kuna kipande nilishindwa kukikata. Siku ya maonyesho mwalimu akaisimamisha katikati, akawageukia wenzangu. "Mmeona? Hivi ndivyo mgeni anavyoingia kwenye msiba wa watu bila kuwasumbua wafiwa." Wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akaandika. Mimi nikatazama sakafu.

Akairuhusu iendelee. Dada zangu wakatupa udongo, wakarudi nyuma. Akabaki mama mmoja amejifunga kanga kiunoni, mkono mmoja ameukunja ngumi, udongo unamchuruzika vidoleni. Hautupi. Anatutazama sisi tuliokaa darasani, na kwa mkono wa pili anaita, anaita tena.

Msichana wa dawati la mbele akauliza, "Huyo mama anamwita nani?"

"Ananiita mimi," nikasema. "Nikamzike baba."