Kabati la Fundi Nyavu

Mjini kwetu Fundi Nyavu ndiye mtu pekee aliyefurahia uharibifu. Kwa miaka thelathini wavuvi walimletea nyavu zilizochanwa na magogo ya mtoni, naye akizishona kibarazani huku akiwatania: "Penye magogo ndipo samaki wanapolala na kuzaa. Wewe ungezalia uwanjani?"

Nani amsikilize, na kila mtu anajua anakula kwa sindano? Mwenyekiti wa wavuvi, kaka wa mkewe, alipoitisha katapila ling'oe magogo yote na kufyeka matete ya ukingoni, fundi alipinga peke yake. Mkutano mzima ulicheka.

"Shemeji, unalilia tonge lako," mwenyekiti alimwambia.

"Nalilia na lako."

Mto ukanyooshwa, ukang'aa. Wakubwa wakaja na suti zao, wakauita mto wa mfano, mwenyekiti akapewa cheti. Nyavu hazikuchanika tena hata uzi mmoja: zilirudi nzima, safi, tupu. Mwenyekiti alieleza kwamba samaki bado wanauzoea usafi. Miezi minne baadaye alieleza vilevile, ila kwa sauti ndogo, maana gari la kiwanda cha samaki lilikuwa limeacha kuja.

Fundi naye hakuwa na cha kushona. Iliniuma kumwona anafumua wavu mzima ili aushone upya. Mkewe akasema basi, wafunge virago wakaishi kwa binti yao.

"Nipe wiki sita," alimjibu.

Mchana kweupe akabeba kabati la vyombo, zawadi ya harusi yao, akalifunga mawe na kulizamisha kwenye kona ya mto. Mkewe alilia sana. Kisha akafuta machozi, akamletea na stuli mbili.

Wiki ya sita haijaisha, mwenyekiti akaingia kibarazani amefura. Mkono mmoja wavu wenye tundu la kupita mbuzi, mkono wa pili ndoo, kwapani mlango wa kabati.

"Huu si wa dada yangu huu? Unajua kuchafua mto kuna faini?"

"Najua. Na hao je?"

Ndani ya ndoo kambare wanne wanene walikuwa wakipiga mikia.

Mwenyekiti akatazama ndoo. Akachungulia njiani kama kuna mtu. Akatafuta stuli, asiione, akaketi chini.

"Shemeji," akanong'ona, "kile kitanda cha wageni bado mnakitumia?"