Ndege Niliyoisimulia Bila Kuiona

Katika siku zote za ujana wangu, mwanangu, ipo moja ambayo haijanitoka kichwani: siku niliyolala kifudifudi juu ya maganda ya vitunguu, huku kitu nilichosafiri siku mbili kwenda kukitazama kikipita juu ya kisogo changu. Nalisema hili mapema ili usije ukadhani kwamba babu yako alizaliwa mkali na mkweli. Ukali nilizaliwa nao. Ukweli niliupata ukubwani, na niliupata kwa kuaibika mbele ya watu wazima, wake kwa waume.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, nikikata boriti za mikoko katika delta, huku ambako maji ya chumvi hukutana na maji ya Rufiji. Darasani sikukaa hata siku moja, wala sikujuta wakati ule, kwa maana shoka lilinitosha. Mjomba wangu Selemani, ndugu wa mama yangu, alikuwa amekwisha toka kijijini miaka mingi, akaajiriwa upishi katika kambi moja ya jeshi huko bara, yenye uwanja wa ndege. Kila alipokuja likizo alituletea habari za ndege moja. Haikuwa kama zile ndege ndogo za kwenda Mafia, ambazo mtu huwahi kuzisikia, akaweka shoka chini, akafunga msuli vizuri, ndipo akainua macho. Hiyo ya mjomba ilikuwa ya upelelezi. Hutumwa kwenda kuchungulia mambo ya mbali na kuyapiga picha, kisha hurudi kabla aliyechunguliwa hajajua. Na kasi yake, alisema mjomba, inaushinda mlio wake yenyewe.

"Inapita kwanza," alitueleza. "Mlio ndio unakuja nyuma, unauliza imepitia wapi."

Nilimwambia mjomba kwamba kitu hicho lazima nikione. Akanijibu, "Njoo, lakini uje na ng'onda." Basi nikafunga furushi la ng'onda, wale samaki wetu waliopasuliwa na kukaushwa kwa chumvi, nikavuka kwa mtumbwi, nikapanda lori hadi Kibiti, na lori jingine, na jingine tena, nikafika kambini nikinuka kuliko furushi lenyewe.

Jiko la mjomba lilikuwa nyuma kabisa, karibu na uzio. Aliniketisha mbele ya gunia la vitunguu, akanipa kisu. "Hapa hakuna ruhusa ya kuja kutazama," alisema. "Ukiulizwa, umekuja kunisaidia kumenya. Kwa hiyo menya kweli, nisije nikawa mwongo kwa ajili yako." Nikamenya tangu alfajiri, machozi yakinitiririka. Ndege nilikuwa naiona kwa mbali, lakini si yote. Niliona mkia tu, umejitokeza nyuma ya jengo, umesimama kimya kama pezi la papa. Huo mkia, mwanangu, ushike vizuri, kwa sababu ndio kitu pekee nilichokiona.

Jua lilipokuwa limepanda, mkia ukasogea, ukapotea nyuma ya jengo. Mjomba akasema, "Sasa simama." Nikasimama. Kisha ukaja mlio ambao siwezi kuufananisha na chochote cha huku kwetu. Mifuniko ya sufuria ilicheza juu ya sufuria. Ardhi ilitikisika. Sikufikiri. Nilijitupa chini, uso ndani ya maganda, mikono juu ya kichwa, nikisoma kila sura niliyoijua na vipande vya zile nisizozijua.

Nilipoinua kichwa, mbingu ilikuwa tupu. Palikuwa na vumbi, na harufu kama ya taa iliyozimwa vibaya. Mjomba alikuwa amesimama palepale, mwiko mkononi, akitazama juu kwa furaha.

"Umeiona?" aliniuliza.

"Nimeiona," nikasema.

Alinitazama kwenye paji la uso, mahali palipokuwa na ganda la kitunguu limeganda. Akasema, "Haya," akarudi kwenye wali wake.

Ule ulikuwa uongo mdogo, wa neno moja, na ungeweza kufia pale jikoni. Lakini nilirudi nao nyumbani. Jioni ya kwanza watu walikusanyika kwenye lundo la boriti, nikawaambia ndege ile ni kama umeme, ukipepesa jicho imekwenda. Kesho yake wakaja wengine, nao hawakutaka kusikia yale ya jana, nikaongeza rangi ya mabawa. Siku ya tatu nikamtia rubani ndani. Siku ya nne rubani akageuza kichwa, akaniona, akanipungia mkono.

"Alikupungia wewe?" akauliza mmoja wa wakata boriti wenzangu.

"Mimi. Kwani alikuwepo nani mwingine?"

"Si mjomba wako alikuwepo?"

"Mjomba alikuwa anaangalia wali usiungue."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Na kwa kuwa yule rubani alikuwa amenichekea kwa bashasha, meno yake pia niliyaona. Usicheke, mjukuu wangu, andika. Tangu siku hizo nikaitwa Sefu Macho. Ukitokea mtumbwi mbali mdomoni mwa mto, mtu ataniita niseme ni wa nani, nami nitakisia. Nikipatia, sifa zinapanda. Nikikosea, nasema jua lilikuwa limenipiga usoni. Hata Mwalimu Omari, aliyetuswalisha msikitini na ambaye binti yake Zena nilikuwa nimemposa, alinisikia nikisimulia. Alinitazama tu, kama mtu anayetazama boriti iliyopinda na kujiuliza itafaa wapi.

Ikaingia Ramadhani. Tulifunga vizuri mpaka tukafika siku ya ishirini na tisa, nayo ndiyo siku ya kuutafuta mwezi. Kijiji kilikuwa na redio moja, na betri zake zilikuwa zimekufa tangu katikati ya mfungo. Kwa hiyo ilikuwa ni macho yetu na rehema ya Mungu. Magharibi ilipofika tulijipanga wote kwenye gati ya boriti, tukielekea jua linakotua. Wanawake walikwisha pepeta mchele wa pilau. Watoto walikuwa wakiulizana nguo zao mpya zimefichwa wapi. Lakini mawingu yalikuwa yamelala juu ya mikoko, mazito, yenye rangi ya majivu.

Ghafla Mzee Bakari akapaza sauti, "Ule pale!" Mzee Bakari alikuwa mzee kuliko sote, na jicho lake moja lilikuwa limeingia ukungu. Alinyoosha kidole, na kabla wengine hawajakifuata kidole, mawingu yakafunga.

Mwalimu Omari akasema, "Alhamdulillahi, shahidi mmoja tunaye. Lakini mwezi wa Idi hausimami kwa shahidi mmoja. Nani mwingine ameuona?"

Sauti moja ikatoka nyuma: "Sefu Macho yuko wapi?" Na nyingine: "Naam! Aliyeona meno ya rubani atashindwa na mwezi?" Kufumba na kufumbua nilikuwa nimesukumwa mbele, kijiji kizima kikinitazama mdomo.

Mwanangu, nilikuwa nimeangalia mahali palepale alipoangalia Mzee Bakari. Niliona wingu. Nyuma ya wingu niliona wingu jingine.

"Sefu," akasema Mwalimu, "unashuhudia kwamba umeuona mwezi?"

Mzee Bakari akanishika mkono. "Si uleee, mwanangu, juu ya ule mkoko uliokatika kichwa. Umeuona, siyo?" Mwanamke mmoja akasema kwa sauti, "Sema basi, baba, tukabandike maji!" Watoto walikuwa wameanza kuruka. Neno moja tu lilitakiwa kwangu, neno jepesi kabisa, na kila mtu pale alikuwa ananiomba nilitoe. Wallahi lilikuwa limekwisha kaa ulimini.

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko nilivyoiogopa ndege. Niliona kwamba rubani wangu hakuwa amemdhuru mtu. Lakini hapa kijiji kizima kingeacha kufunga kesho kwa sababu ya macho niliyoyatunga mimi mwenyewe. Funga ya wazee, ya wajawazito waliojikaza, ya watoto waliofunga kwa mara ya kwanza, yote ingening'inia kwenye neno langu, na neno langu halikuwa na kitu ndani yake.

"Sikuuona," nikasema.

Manung'uniko yakapita. Mzee Bakari akauachia mkono wangu. Mwalimu akakunja uso. "Wewe? Wewe unayeona meno ya rubani angani?"

"Mwalimu, na rubani pia sikumwona."

"Na ndege?"

"Mkia. Ikiwa imesimama. Ilipoondoka, mimi nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya maganda ya vitunguu."

Kicheko kikapasuka, kikaanzia kwa wakata boriti, kikawashika wanawake, kikawaangusha watoto chini. Wengine hawakucheka, walinitazama kama mtu aliyewaibia kitu. Mwalimu Omari naye hakucheka. Alisema tu, "Kesho tunafunga," akaelekea msikitini, nasi tukamfuata.

Asubuhi yake, saa tatu, ukatokea mtumbwi kutoka kijiji cha upande wa pili wa mto. Ndani yake walikuwamo vijana wenye kanzu mpya na sinia iliyofunikwa kawa. Walishangaa kutukuta na midomo mikavu. "Bado mmefunga? Sisi tumekwisha swali Idi! Mwezi waliuona watu wanne!"

Sijawahi kuona kijiji kikikimbia vile. Wazee walikuwa wakitafuta maji ya kunywa, watoto wakivaa nguo nje ndani, majiko yakiwashwa kwa pupa huku Mwalimu akihimiza watu waoge upesi, swala isije ikapitwa na adhuhuri. Na kutoka uani kwa Mwalimu nikasikia sauti ya Zena, bibi yenu huyohuyo mnayemwona mpole: "Huyo aliyetuchelewesha pilau aletwe hapa! Macho hayamfai, labda mikono itafaa. Apewe vitunguu, si ndiyo kazi yake?" Mzee Bakari alipita mbele yangu akitembea kama jumbe. "Jicho langu moja," alisema, "limeyashinda mawili yako." Nikamwomba radhi kwa moyo mmoja, akanisamehe, lakini alinikumbusha kila mwaka mpaka alipofariki.

Baada ya swala nilimfuata Mwalimu Omari. Nilikuwa nimechanganyikiwa. Nikamwambia, "Mwalimu, kumbe mwezi ulikuwepo. Ningesema ndiyo, nisingekosea."

Alinikaripia kwa namna ambayo bado naisikia. "Ungekosea! Mwezi kuwepo ni kazi ya Mungu, wala haukukuhitaji. Wewe uliulizwa kuhusu macho yako. Ungesema ndiyo, ungekuwa umetoa ushahidi wa uongo, na mwezi ungekufichia uongo wako. Na uongo uliosadifu kweli ni mbaya kuliko uliogunduliwa, kwa sababu mwenye huo hatubu. Yeye hujisifu."

Nikainamisha kichwa. Nikamuuliza kama nimemuudhi sana.

"Uliniudhi miezi minne, tangu huyo rubani wako alipoanza kupunga mkono. Nilikuwa nikijiuliza nitampaje binti yangu mtu wa namna hiyo. Jana hukuniudhi." Kisha akasema, "Nenda ukale. Zena amekuwekea vitunguu vingi."

Tulioana miezi miwili baadaye. Na tangu mwaka ule, kila ilipofika siku ya ishirini na tisa, Mwalimu hakuanza kuuliza watu mpaka nimefika. Macho yangu yalikuwa ya kawaida, na kila mtu alikwisha jua hivyo. Lakini alikuwa akisema, "Huyu akisema hakuona, hakuona," na watu wakaridhika hata pilau ilipochelewa.

Sasa nisikilize, mwanangu, nawe utakayesoma haya baadaye. Siku hizi mnakaa na simu, mnasema "nimeona, nimeona," kumbe mmeonyeshwa na mtu ambaye naye ameonyeshwa. Mimi siwakatazi kutazama. Nawaamuru mtenganishe. Ulichokiona kwa macho yako, sema umekiona. Ulichosikia, sema umesikia, na umtaje uliyemsikia. Usichokijua, sema hujui, na usione haya, kwa maana hakuna aliyewahi kufa kwa kusema hajui, na mimi nimezika watu wengi. Usijipe faraja kwamba uongo wako ni wa kuchekesha na haumdhuru mtu. Watu wakikuamini katika mchezo, watakuja kukutegemea katika jambo zito, na siku hiyo hutachagua wewe. Na kama umekwisha sema uongo, kama nilivyosema mimi, ufungue mapema, ungali ni hadithi ya barazani, kabla watu hawajaweka ibada zao juu yake. Utachekwa. Nilichekwa, na bado naalikwa kwenye kila karamu.

Mungu akulindie macho yako, na aulinde zaidi ulimi unaoyasemea. Akupe riziki usiyohitaji kuitilia chumvi, akupe mwenza atakayekucheka mbele yako badala ya nyuma yako, na siku utakapoitwa mbele ya watu useme ulichokiona, akupe nguvu ya kusema hicho tu. Amin.