Grisi ya Mashine na Vidonge vya Mama Neema

Aibu yangu mimi haikuisha siku ile ilipotokea. Ilizaliwa, ikabatizwa, ikasoma, na leo ina pikipiki ya kubeba abiria pale Endasak. Ni kijana wa Gwandu, mwenzangu wa kazi zamani, mtoto mzuri tu, ana adabu, akiniona ananiamkia "shikamoo baba" kabla mimi sijamwona, lakini kila akinipakia naona haya njia nzima, maana yeye na wenzake wawili wangekuja duniani baadaye, kwa mpango wa wazazi wao, kama mimi siku moja ningefunga mdomo na kumwacha nesi amalize kusema. Mmeshaanza kucheka, haya, chekeni, lakini afadhali mnisikie mimi mwenyewe, maana hii habari inasimuliwa na wengi na kila mmoja anaongeza chumvi yake.

Wakati huo mashamba ya ngano ya serikali bado ni mashamba kweli, ngano mpaka macho yanachoka, na mimi ni opereta wa kombaini, ile mashine ya kuvunia ngano. Na si opereta wa kubahatisha. Nilitoka kwetu Maretadu nikijua jembe la mkono na maharage, nikaja huku Hanang nikapewa mashine kubwa kuliko kanisa la kijijini kwetu, nikaijua bolti kwa bolti, ikawa ikikohoa tu naitwa mimi kabla ya fundi mkuu. Sasa mtu akishazoea kuitwa, anaanza kujibu hata mahali ambapo hajaitwa, na huo ndio ulikuwa ugonjwa wangu.

Mke wangu, Mama Neema, ni binti wa Endasak, msomi wa darasa la saba, na pale kambini alikuwa anafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Alifundisha vizuri mpaka wakubwa wakamwona, akapewa nafasi chuo cha ualimu, masomo yanaanza mavuno yakiisha. Hakuna kitu alichokitaka duniani kama hicho chuo. Ila walimwambia wazi kwamba akionekana ana mimba anarudishwa nyumbani na nafasi inakwenda kwa mwingine, na Neema wetu alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Kwa hiyo tukakubaliana aanze vidonge vya uzazi wa mpango.

Zamani zile nesi alitaka mume naye aje, kwa hiyo tukaenda wote zahanati. Nesi Felista, mama mtu mzima, tukamwamkia, akatukalisha kwenye benchi, akatoa paketi ya vidonge, akaanza kueleza kwamba hivi vinamezwa kila siku, saa ile ile, na akisahau afanye hivi na hivi. Mimi huku masikio yako karakana, kuna kombaini nimeiacha imefunguliwa tumbo na nina hakika yule fundi mwenzangu ataifunga vibaya. Nikamkatiza.

"Nesi, tumeelewa. Ni dawa ya kumeza, si ndiyo? Kumeza nani hajui?"

Nesi akamtazama mke wangu, mke wangu akatazama chini, mimi nikasimama nikavaa kofia. Wakabaki wawili wananong'ona mlangoni, na mimi nikaona wanawake bwana, wakikutana hawaachani, nikatangulia kazini.

Miezi ya kwanza akameza vizuri, ila kichefuchefu kilimsumbua kidogo, na tena zahanati vidonge vilikuwa vinachelewa kufika. Mavuno yakakaribia. Sasa muelewe jinsi kazi ilivyokuwa: wakati wa kuvuna sisi maopereta hatulali nyumbani, tunalala huko huko shambani kwenye kibanda cha bati chenye magurudumu, na nyumbani unaonekana pale tu kombaini inapoharibika, inavutwa na trekta mpaka karakana, na wewe unasubiri vipuri kutoka mjini. Nikakaa nikafikiri kama opereta, nikamwambia mke wangu neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka natafuta pa kujificha.

"Mama Neema, mashine ikilala haipigwi grisi. Mimi nikiwa shambani unameza vya nini? Unajitesa na kichefuchefu bure. Subiri uone kombaini yangu inavutwa kurudi, meza siku hiyo, meza nikiwepo, nikiondoka pumzika."

Akaniangalia, akasema, "Haya, Baba Neema." (Nyie mliooa mnaijua hiyo haya. Mimi wakati huo nilikuwa bado kijana, nilidhani maana yake ni ndiyo.)

Ingebaki nyumbani kwangu ingekuwa nafuu. Lakini jioni tukiwa shambani tumezunguka sufuria la ugali, Gwandu akaanza kulalamika kwamba mke wake naye anameza vidonge na vinamchosha, na Boay akasema wake anataka kuacha kabisa, na opereta wa nne, mzee Safari, anasikiliza tu. Mimi nikashindwa kunyamaza. Nikawapa somo, tena kwa mifano, grisi, mashine iliyolala, mashine inayofanya kazi, mpaka Gwandu akapiga paja akasema kumbe jambo lenyewe ni jepesi hivi, mbona manesi wanalizungusha. Nikajisikia mtu mkubwa sana siku ile. Kila aliyepata nafasi ya kwenda nyumbani akapeleka ujumbe.

Basi ikawa kambini mambo yanakwenda kwa utaratibu wangu. Wanawake wakiwa bombani wanateka maji, wakiona kwa mbali trekta linakuja linakokota kombaini, wanaangalia ni namba ngapi, na mwenye namba yake anatua ndoo anakwenda ndani kumeza. Ukweli niliona fahari. Na msimu ule mashine ziliharibika vibaya, mkanda leo, feni kesho, kwa hiyo tulikwenda nyumbani na kurudi, kwenda na kurudi. Wake za wenzangu wakawa wanatokwa na matone ya damu ovyo ovyo katikati ya mwezi, wanauliza waume zao, waume wananiuliza mimi, na mimi (Mungu anisamehe) nikajibu kwamba hiyo ni dalili dawa inasafisha njia.

Mavuno yakaisha. Ng'ombe za watu wa Getanuwas zikaanza kuingia kwenye mabua, sisi tukarudisha mashine zote karakana, na Mama Neema akaanza kupanga nguo zake za chuo. Ndipo tukaambiwa asubuhi moja kwamba kabla ya kazi kuna mkutano, maopereta na wake zao, nesi ana maneno. Tukakaa juu ya matairi na masanduku, wanawake wamekaa upande wao, na nesi Felista akasimama mbele ya kombaini yangu mwenyewe.

Akasema, kwa sauti ya taratibu, "Nasikia hapa kambini kuna mtu anafundisha watu kutumia vidonge. Ningependa kumfahamu."

Sasa sikilizeni ujinga wa binadamu. Mimi nikajua ninapongezwa. Nilishaona kwenye mikutano mfanyakazi bora anasimamishwa hivyo hivyo mbele za watu. Nikasimama, nikavua kofia, nikainua mkono juu, na kwa kuwa baadhi walikuwa nyuma hawanioni vizuri, nikapanda juu ya tairi.

"Ni mimi, nesi. Shikamoo."

"Marahaba. Hebu waeleze wenzako ulivyofundisha."

Nikaeleza yote, ndugu zangu, kwa sauti, kwa mikono, na grisi nikaitaja. Nilipomaliza sikusikia makofi. Nesi akageukia wanawake akawaambia waliomwona zahanati wiki hii wasimame kama wanapenda, na kama hawapendi wakae. Wakasimama watatu, mke wa Gwandu, mke wa Boay na mke wa mzee Safari, na namna walivyoshika viuno vyao hakuna aliyehitaji kuambiwa zaidi. Mama Gwandu alikuwa na watoto watano tayari, yule mdogo bado mgongoni, na ananitazama mimi hata kope hapepesi. Pale ndipo moyo uliponiuma kweli, maana yule mama alishanipikia chai mara nyingi.

Nesi hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema, "Hiki kidonge ukikimeza kila siku bila kuruka ni dawa ya kuaminika sana. Katika wanawake mia wakimeza hivyo mwaka mzima, kupata hata mmoja mwenye mimba ni shida. Wakimeza kwa kusahausahau, kama sisi binadamu tulivyo, wanafika kama saba hivi. Na anayemeza siku mume amerudi tu, huyo mhesabuni kama hamezi kabisa. Kidonge hakimzuii mwanaume, kinalizuia yai lisitoke, na kinalizuia kwa kufuatana, cha jana na cha leo. Ukikaa siku kadhaa bila kumeza, mwili unaamka, yai linatoka, na kidonge unachomeza baada ya kuona trekta hakina la kufanya. Dawa haikushindwa hapa. Haikutumiwa."

Boay akadakia kutoka nyuma, "Na tena hata grisi ametudanganya. Mashine ikilala ndiyo inapigwa grisi, isishike kutu." Karakana nzima ikacheka, na alisema kweli, nilikuwa nalijua hilo tangu siku ya kwanza ya kazi.

Mimi sikucheka, kwa sababu akili yangu ilikuwa imefika nyumbani. Mama Neema. Nguo zake zilizopangwa. Kama hawa watatu wamepata kwa somo langu, yeye niliyemfundisha wa kwanza amepona vipi? Nikamtafuta kwa macho, nikamwona amekaa mwisho kabisa, amemfunga Neema mgongoni, na machozi yakanitoka hadharani, mwanaume mzima juu ya tairi. Nikasema, "Jamani nisameheni. Hata mke wangu nimemharibia chuo."

Mama Neema akasimama, akasema kwa upole kabisa, "Mimi sina mimba, Baba Neema. Nesi ameshanipima. Mimi nilimeza kila siku."

 Halafu Gwandu akasimama polepole.

"Kwa hiyo wewe ulikuwa unajua. Sisi ukatupa ya uongo, ya kweli ukampa mkeo asome."

Kelele zikaanza. Msaliti, mchoyo, wengine wanasema nimewafanyia hivyo ili mke wangu awe peke yake mwenye nafasi, na Gwandu huyo anakuja, ana mikono ya kufungua bolti bila spana. Nikaona nina njia mbili tu. Nikubali kwamba nimewasaliti wenzangu niliokula nao sufuria moja, au niseme ukweli wenyewe, mbele ya maopereta wote, mbele ya wake zao, katika nchi hii yetu ambayo mwanaume akisema neno nyumbani ndiyo limekwisha semwa.

Nikasema. "Sikujua, Gwandu. Naapa. Nilimwambia asimeze. Hanisikilizi."

"Nani hakusikilizi?"

"Mke wangu. Namwambia kitu, anasema haya, anafanya lake."

Gwandu akasimama pale alipo. Akanitazama, akamtazama Mama Neema, na kicheko kikaanzia tumboni kwake, kikapanda, mpaka akalazimika kushika gurudumu la kombaini. Mzee Safari alikuwa anajifuta machozi kwa kofia. Wanawake ndio waliocheka kuliko wote, hata Mama Gwandu, na hicho kicheko cha Mama Gwandu nilikipokea kwa shukrani ingawa kilinivua nguo zote. Kuanzia siku hiyo nikaitwa Baba Haya, na nimezikwa na jina hilo tayari nikiwa hai.

Mchana tulipokuwa peke yetu nyumbani nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Alikuwa anamlisha Neema uji, hakuacha.

"Nilikuambia. Siku ile tunatoka zahanati nilikufuata nyuma nikakuambia nesi anasema ni kila siku. Ulisema una kombaini imefunguliwa tumbo."

Kweli alisema. Nilipokumbuka niliumia, lakini niliumia huku nafurahi, maana chuo chake kipo palepale, na kimebaki kwa sababu aliamua kutoniamini mimi katika jambo hilo. Sikuona hata pa kukasirikia. Jioni nikaenda kwa Gwandu, kwa Boay na kwa mzee Safari, nyumba kwa nyumba, nikaomba msamaha kwa wake zao kwanza, halafu kwao. Mama Gwandu alinipokea akaniambia nikae, akanipa chai, na akasema mtoto huyu akizaliwa salama nitakuwa baba yake wa ubatizo, nipende nisipende. Nikawa.

Siku ya safari nikambebea Mama Neema sanduku mpaka barabarani. Neema tulishampeleka kwa bibi yake. Wakati tunasubiri basi akafungua sanduku aangalie kama hajasahau kitu, nikaona juu ya madaftari paketi za vidonge, za miezi kadhaa. Wazo likanijia lenyewe, kwa kasi, kama zamani: huko chuoni ni mabweni ya wanawake watupu, mume yuko Hanang, sasa hivi vyote vya nini? Na mdomo ulishafunguka. Mama Neema akainua macho akanitazama, anasubiri.

Nikasema, "Haya, Mama Neema." Nikafunga sanduku, nikalifunga na kamba vizuri lisifunguke njiani, na mpaka leo mtu akiniuliza habari ya vidonge namwonyesha njia ya zahanati na kumwambia akae kwenye benchi mpaka nesi amalize.