Kinyozi Aliyesoma Katuni ya Kiingereza

Mimi kinyozi wa Kariakoo, niliyejigamba kwamba najua Kiingereza kwa sababu niliwahi kuwanyoa Wazungu kule Posta, nimeumbuka. Jumamosi nne mfululizo niliwasomea wateja katuni iliyotoka kwa sehemu nne. Kusoma kwenyewe kulikuwa kutazama picha tu. Watu watano waliobeba masanduku ya benki niliwaita walinzi. Yule anayeruka angani na shuka mgongoni, akibomoa ukuta, nikamwita mwizi, na baraza zima la wateja likamlaani.

Sehemu ya mwisho walinzi wangu wakafungwa pingu. Nikasema wameonewa.

Mwalimu mmoja Mchaga, mteja wangu wa kila Jumamosi, akajifuta povu la kunyolea.

"Fundi, hao ndio wezi. Imeandikwa kwenye jalada."

"Mbona hukusema tangu mwanzo, Mwalimu?"

"Kila uliposoma, wembe ulikuwa shingoni mwangu."